Uwanja wa mtaa umezungushiwa mabati

SWALI: Mzee, shikamoo. Mtaani kwetu kuna uwanja ambao watoto wanachezea mpira tangu tulipohamia mwaka 2009. Misiba yote tunawekea maturubai hapo. Jumamosi iliyopita tumeamka tukakuta mafundi wanachimbia nguzo na kuzungusha mabati. Tulipouliza, kijana mmoja akatupungia karatasi kwa mbali, akasema bosi wake ana barua ya toleo na kodi ya ardhi analipa kila mwaka. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anasema na yeye ameona mabati kama sisi. Wanaume wanasema usiku tuyang'oe. Mimi nimeomba wasubiri jibu lako.
*Mama wa Watoto Wanne, mkoa wa Pwani*

JIBU: Marahaba, mama. Mabati msiyaguse. Mkiyang'oa, kesho yake ninyi ndio washtakiwa wa kuharibu mali ya mtu, na habari ya uwanja itakuwa imekwisha. Waambie hao wanaume waende wakalale.

Sasa hiyo karatasi ya kupungiwa. Barua ya toleo si hati. Ni barua ya ofisi inayomwambia mtu: tumekukubalia kiwanja namba fulani, kitalu fulani, kwa matumizi fulani, lipa ada hizi tukuandalie hati. Na risiti ya kodi ya ardhi inathibitisha jambo moja tu, kwamba kuna mtu alilipa. Mimi nimeshika kwa mkono wangu risiti za miaka saba mfululizo za kiwanja ambacho kwenye ramani ni barabara. Mashine ya malipo haijui barabara. Ukiipa namba, inapokea.

Nitakupa kisa, na aibu yake ni yangu. Nilifanya kazi katika ofisi za ardhi miaka 31, nikianzia masjala, yaani chumba cha majalada. Mwaka 1997, katika manispaa ambayo sitaitaja, niliagizwa kutoa mchoro wa mipango miji wa mtaa mmoja. Siku hizo michoro ilikuwa kwenye ile karatasi ngumu inayopenyeza mwanga, imechorwa kwa wino mweusi wa kalamu za kuchorea. Huu ulikuwa umeidhinishwa mwaka 1982, sahihi na muhuri vipo pembeni chini. Katikati palikuwa na nafasi imeandikwa "Uwanja wa Wazi". Juu ya maneno hayo mtu alikuwa amepiga mistari minne kwa rula, na ndani yake ameandika 14A. Kwa kalamu ya buluu. Ile ya kawaida, ya dukani. Nikaupeleka mchoro dirishani nikautazama kwenye jua: mkono wa juzi ulikuwa umeandika juu ya sahihi ya miaka 15 nyuma, na wala haukujisumbua kutafuta wino unaofanana.

Nikampelekea mkubwa wangu. Akautazama, akanitazama, akasema, "Kijana, rudisha jalada, nenda kanywe chai." Nikaenda nikanywa. Pale leo kuna kituo cha mafuta, na nikipita na daladala huwa najikuta naangalia upande wa pili wa barabara.

Kwa hiyo, mama, usianzie kwa mkuu wa mkoa. Anzia kwenye mchoro. Nendeni watu watatu au wanne wenye akili tulivu kwenye ofisi ya mipango miji ya halmashauri yenu, muombe kuona mchoro ulioidhinishwa wa eneo lenu. Andikeni namba yake na tarehe ya kuidhinishwa. Tazameni hapo penu pameandikwa nini. Kama ni uwanja wa wazi, basi ulizeni kama kuna mchoro wa marekebisho, kwa sababu chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 uwanja wa wazi haugeuki kiwanja kwa mtu kuamka na wazo. Matumizi yanabadilishwa kwa utaratibu: kunakuwa na maombi, tangazo, nafasi ya majirani kupinga, na mamlaka iliyo juu ya halmashauri kuidhinisha. Kila hatua inaacha karatasi. Ninyi ndio majirani. Kama hakuna hata mmoja wenu aliyeona tangazo, hilo ndilo swali lenu la kwanza kwa maandishi: tangazo lilitoka lini, na wapi?

Mkiona namba ya kiwanja yenye herufi nyuma, 14A, 206B, simameni hapo kidogo. Si zote ni mbaya. Mtu akigawa kiwanja chake kihalali zinapatikana namba za namna hiyo. Lakini vilivyopachikwa katikati ya viwanja vilivyopimwa zamani mara nyingi huvaa herufi, kwa sababu namba za mfululizo zilikwisha siku nyingi.

Halafu kuna mawe ya mipaka. Watumeni watoto, wao ndio wanaoujua uwanja kuliko sisi. Kiwanja kilichopimwa kina nguzo fupi za zege pembeni, na juu ya zege mpimaji ameandika herufi na namba kabla halijakauka. Pigeni picha. Kwa namba ya kiwanja mnaweza kwenda kwa Msajili wa Hati mkafanya upekuzi. Daftari lile liko wazi kwa yeyote anayelipa ada, huhitaji kuwa wakili wala ndugu wa mwenye kiwanja. Litawaambia kama hati ipo, ya nani, ya miaka mingapi, na kama imewekwa rehani benki. Hili la benki lifanyeni mapema. Uwanja ukishachukuliwa mkopo, mnakuwa mnapigana na watu wawili.

Ujenzi nao una kibali chake, tofauti kabisa na hati. Mtu anaweza kuwa na hati safi na asiwe na kibali cha ujenzi. Muulizeni mhandisi wa halmashauri namba ya kibali. Kama hakipo, halmashauri ina uwezo wa kusimamisha kazi siku hiyo hiyo, na mtaona ile rangi nyekundu kwenye mabati: SIMAMISHA UJENZI, na X kubwa. Haimalizi mgogoro, ila inawapa muda, na ninyi kwa sasa mnatafuta muda.

Barua yenu iwe ukurasa mmoja. Msilie, msitukane, msimtaje Mungu. Tarehe mabati yalipowekwa, namba ya mchoro, maswali matatu. Aandikiwe mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa Kamishna wa Ardhi Msaidizi wa mkoa, mkuu wa wilaya na diwani wenu. Kisha, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea, msiiache mapokezi ukaondoka. Beba nakala yako, igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Barua isiyo na muhuri haikufika. Nimekaa upande ule wa kaunta, najua barua ngapi "hazikufika" huku zimewekewa kikombe cha chai juu yake.

Mkinyamaziwa, mtafute wakili. Tangu sheria ilivyorekebishwa mwaka 2020, kuishtaki halmashauri kunataka notisi ya siku 90 na Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe, na kesi inakwenda Mahakama Kuu. Ndiyo maana nasisitiza kibali cha ujenzi: siku 90 zinatosha mtu kupandisha ukuta na kuweka paa. Na msipoteze wiki mbili kwenye baraza la kata mkidhani litatoa hukumu. Tangu 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu.

SWALI: Mzee, darasani tumefundishwa kwamba Tanzania ardhi yote ni mali ya umma, Rais ndiye mdhamini. Sasa kama Serikali ndiyo inayogawa, inayotoa vibali, inayokagua na inayofuta, nani anaikagua yenyewe?
*Mwanafunzi wa Sheria, Morogoro*

JIBU: Swali hili wenzako waliliuliza kabla hujazaliwa, mwanangu, na jibu walilolitoa liliwekwa kabatini.

Mjerumani mwaka 1895 alitamka kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni ya taji lake, na mwenye kuamua ipi haina mwenyewe alikuwa yeye. Mwingereza akaja na sheria yake ya 1923, akaiita ardhi ya umma na kuiweka chini ya gavana. Uhuru ulipokuja tulifuta umiliki wa moja kwa moja mwaka 1963, ukageuzwa kuwa upangaji wa miaka 99 kwa Serikali, baadaye haki ya kumiliki. Wapangaji tulibadilika. Mwenye nyumba alibadilika jina, funguo zikabaki kwenye mfuko ule ule.

Mwaka 1991 Rais Mwinyi aliunda tume ya kuchunguza masuala ya ardhi, mwenyekiti wake Profesa Issa Shivji. Walizunguka nchi, wakasikiliza wakulima na wafugaji, wakakabidhi ripoti mwaka 1992. Walichopendekeza ni hicho unachokiuliza: mzizi wa ardhi, yaani umiliki wake wa msingi, utolewe mikononi mwa watendaji wa Serikali. Ardhi ya kijiji ishikwe na mkutano wa kijiji, ardhi nyingine ishikwe na tume ya ardhi inayowajibika kwa Bunge. Serikali haikukubali. Sheria namba 4 na namba 5 za mwaka 1999 zilipokuja, mdhamini alibaki Rais, na mkono wake ni Kamishna wa Ardhi.

Usije ukadhani tume huru ni dawa ya kila kitu. Wakenya wamepata yao kwenye Katiba ya 2010, Tume ya Taifa ya Ardhi, na waliipata baada ya maumivu: ripoti ya tume ya Paul Ndung'u ya mwaka 2004 ilionyesha jinsi misitu, viwanja vya shule, maeneo ya barabara na hata makaburi yalivyogawiwa watu binafsi kwa hati zenye mihuri halali. Lakini tume yao na wizara yao zikaanza kuvutana nani atie sahihi kwenye hati, mpaka Mahakama ya Upeo ikasema Desemba 2015 kwamba kutoa hati si kazi ya tume. Hata hivyo, kati ya mvutano wa ofisi mbili na ukimya wa ofisi moja, mimi nachagua mvutano. Ofisi mbili zikigombana, kuna karatasi itakayovuja.

Kwa sasa hapa kwetu jicho la nje ni la Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Ripoti yake inaingia bungeni kila Aprili. Watu husoma habari za mabilioni na ndege, wewe soma kurasa za halmashauri: viwanja vilivyopimwa bila fidia kulipwa, kodi zisizokusanywa, mikataba ya pango ya majengo na maeneo ya halmashauri isiyohuishwa. Zinachosha, lakini mtihani wako umo humo kuliko kwenye vitabu.

SWALI: Kijiji chetu kilitoa eneo kubwa kwa mwekezaji mwaka 2008. Tuliahidiwa zahanati, kisima na ajira. Alilima misimu miwili, akaondoka. Sasa ni pori, nguruwe wanatoka humo kula mahindi yetu. Vijana wameanza kulima pembeni, mgambo wanawafukuza. Tunaweza kulichukua eneo letu?
*Mkulima, wilaya ya Rufiji*

JIBU: Ndugu yangu, neno linaloniuma katika barua yako ni hilo "letu".

Mlipotoa eneo, mlitoa kwa njia gani? Ikiwa lilihamishwa kutoka ardhi ya kijiji kwenda ardhi ya jumla, yaani iliyo chini ya Kamishna wa Ardhi, ili mwekezaji apewe haki kupitia kituo cha uwekezaji, basi siku tangazo la kuhamisha lilipokamilika liliacha kuwa ardhi ya kijiji. Mwekezaji akifilisika halirudi lenyewe. Linabaki ardhi ya jumla, na yule mwekezaji, au aliyeuziwa kampuni yake, bado anaweza kuwa ameshika karatasi ya miaka mingi. Kisarawe wanalijua hili. Kampuni ya Uingereza ilichukua zaidi ya hekta 8,000 kutoka vijiji 11 kulima mibono ya mafuta, na mwaka 2011 mradi ukaanguka. Wanakijiji walidhani wamekodisha. Kumbe walikuwa wamekabidhi.

Kwa hiyo nenda kwa mtendaji wa kijiji, muombe muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji wa mwaka huo pamoja na orodha ya mahudhurio. Halmashauri ya kijiji, wale wajumbe 15 hadi 25, haina mamlaka ya kugawa eneo kama hilo bila mkutano mkuu, na mkutano mkuu ni kila mtu mzima wa kijiji. Eneo la kuhamishwa likiwa chini ya hekta 250, mkutano wenu ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, maoni yenu yanakwenda juu na uamuzi unafanyika huko. Zaidi ya hekta 250 si eneo dogo, litazame vizuri kwenye muhtasari.

Ukiipata orodha, isome taratibu. Niliwahi kuletewa moja yenye watu zaidi ya mia, na karibu arobaini kati yao hawakujua kuandika, wakaweka dole gumba. Nilikuwa na miwani mipya, nikaikagua kwa raha. Madole yote arobaini yalikuwa na kovu moja la mshazari kutoka kushoto. Kijiji kizima kilikuwa kimejikata kisu mahali pamoja! Ombi lile lilirudishwa, na hilo ni moja ya mambo machache ninayojisifia nyumbani.

Kama muhtasari wenu ni safi, bado kuna mlango. Haki ya kumiliki ina masharti ya kuendeleza. Asiyeendeleza na asiyelipa kodi anaweza kupewa notisi, na asipojitetea Kamishna anapendekeza kwa Rais ifutwe. Halmashauri ya wilaya inatakiwa kukagua na kuripoti mashamba pori, na wengi hawafanyi mpaka wasukumwe. Wasukumeni: picha za pori, tarehe aliyoondoka, majina ya vijiji jirani waliotia sahihi kwa mikono yao wenyewe. Na ndani ya barua hiyo hiyo ombeni kwamba likifutwa lirejeshwe kijijini na lipangiwe matumizi. Msipoomba, litafutwa leo, na kesho kutwa litagawiwa mwekezaji mwingine, nanyi mtaniandikia tena.

Vijana waache kulima humo kwa sasa. Ninajua njaa haina subira, ila mgambo wanatafuta sababu ya kusema ninyi ndio wavamizi.

SWALI: Mzee, salamu kutoka Likoni. Ploti ya marehemu baba ilikuwa ya lizi ya miaka 99 na imekwisha. Jirani anasema serikali itaichukua na kumpa mtu mwenye pesa. Ni kweli?
*Kitinda Mimba, Mombasa*

JIBU: Huko si shamba langu, mwanangu, lakini sheria yenu nimeisoma. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012, mwenye lizi iliyokwisha, akiwa raia, ndiye wa kwanza kupewa nafasi, ilimradi eneo halihitajiki kwa matumizi ya umma. Tume ya Taifa ya Ardhi ilipaswa pia kuwajulisha ndani ya miaka 5 kabla ya kwisha. Kama hamkuona barua, andikeni hivyo kwenye maombi yenu. Lakini kwanza maliza mirathi ya baba. Hakuna ofisi itakayohuisha lizi kwa jina la marehemu. Na kodi ya kaunti iliyolimbikizwa ilipeni kabla hamjaingia mlangoni, msiwape sababu.

SWALI: Nilipewa kiwanja mwaka 2015, sijajenga hata tofali moja, ada za shule zimenimaliza. Nimepokea notisi ya kuvunja masharti. Nitanyang'anywa?
*Mwalimu, Singida*

JIBU: Masharti ya kawaida ya kiwanja cha makazi ni kumaliza kujenga ndani ya miezi 36, mwalimu, na wewe umeizidisha mara tatu. Ukweli ni kwamba wengi wetu tungenyang'anywa sheria ingefuatwa neno kwa neno. Notisi si hukumu. Ina siku za kujieleza, zihesabu leo, usiiweke kwenye droo pamoja na risiti za umeme. Jibu kwa maandishi, eleza sababu, omba kuongezewa muda, ambatisha risiti za kodi ya ardhi za miaka yote na ramani ya nyumba kama unayo. Na usikimbilie kuchimba msingi usiku ili uonekane umeanza. Bila kibali cha ujenzi utapata X nyekundu juu ya notisi uliyo nayo, na hapo hata mimi sitakuwa na la kukuandikia.